Askofu Chini ya Satini

Treni ya Kigoma ilikuwa imeshaanza kujivuta kutoka stesheni ya Tabora, na mzee Ambrosi alikuwa bado mlangoni mwa behewa la daraja la tatu, mguu mmoja ndani, mwingine ukitafuta ngazi, huku amekumbatia sanduku jeusi zito kama gunia la mahindi. Sanduku lilikuwa limekwama. Ndani ya behewa Saidi, fundi mitambo wa bendi, alilishika kwa mkanda wake wa ngozi akalivuta kama anayemtoa ndama tumboni mwa mama yake. Wauza karanga waliokuwa wakikimbia sambamba na madirisha waliacha biashara wakaanza kutoa ushauri.

"Liachie, mzee, utakufa nalo," alisema mmoja.

"Msijichoshe," Saidi aliwajibu kutoka ndani. "Huyu Mnyamwezi. Mwambie amwache mke, ataacha. Mzigo hawezi."

Sanduku likaingia kwa ghafla, na Ambrosi akaingia nalo, kifudifudi, kofia ikabaki Tabora. Treni hiyo ilitakiwa kuondoka jana yake usiku. Alikuwa ameisubiri usiku kucha mpaka jua likachomoza akiwa amekalia sanduku hilohilo, na bado aliweza kuchelewa kupanda. Mambo ya namna hiyo yalikuwa yamemtokea mara nyingi mno maishani kiasi kwamba hakuona sababu ya kuyaeleza. Alijifuta vumbi, akakagua kona za sanduku kabla ya kukagua magoti yake, akakaa.

Sanduku lilikuwa amplifaya ya gitaa, na jina lake Askofu. Ambrosi ndiye aliyelipa jina hilo, kwa sababu lilikuwa zito, lilichelewa kupata joto, lilikuwa na sauti nene iendayo mbali, na lilipopita watu walisogea pembeni. Ndani halikuwa na vidude vya kisasa. Lilikuwa na valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya kaa la moto, kama redio za wazee wetu. Alilipata Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwa mpiga gitaa mmoja aliyeokoka na kuacha muziki. Tangu hapo walikuwa wametembea wote: Kigoma, Bujumbura, Mwanza, Mpanda, kurudi Tabora, kuondoka tena, kwa meli, kwa lori la chumvi ya Uvinza, na safari moja kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ambrosi hakuwa mtu wa kukaa. Hata darasa la nne alilisomea shule tatu, na zote ziliendelea vizuri bila yeye.

Kwenye mambo ya kubeba alikuwa na majivuno. Alipenda kusema kwamba babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo kwa miguu, bega lake likaota sugu kama nundu ya ng'ombe. Hakuwa na ushahidi wowote. Lakini kwa kuwa kila Mnyamwezi ana babu wa namna hiyo, hakuna aliyembishia, isipokuwa Saidi. Saidi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kitu chako kwenye sherehe mpaka ukikomboe, hata kukuzuilia maiti. Wewe ukikasirika, kosa ni lako.

"Babu yako hakubeba pembe," Saidi alikuwa akisema. "Alibeba vyungu vya mke wa tajiri. Sisi tulimwona anapita kwetu. Tukampa maji, akaomba na nazi."

"Na nyie mlikuwa mnacheza ngoma," Ambrosi alimjibu. "Mpaka leo hamjamaliza."

Mkabala nao alikaa Revocatus, kiongozi wa bendi, mtu wa makamo aliyezoea kutazama dirishani anapotaka kusema jambo baya. Pembeni yake alikaa Nasri, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka la kutengeneza simu karibu na soko la Tabora, mtoto wa Mzee Bader wa vitambaa. Kwenye bendi Nasri alipiga gitaa la rithimu. Mapajani alishika kimfuko, na ndani ya kimfuko kulikuwa na kisanduku kisichozidi Biblia ndogo. Hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima Ambrosi usingizi. Kisanduku hicho hakikuwa amplifaya, ila kiliigiza amplifaya. Unachomeka gitaa, unabonyeza, unachagua amplifaya yoyote unayoitaka duniani, kubwa kwa ndogo, ya zamani kwa ya sasa, na sauti yake inatoka kwenye spika za ukumbi kana kwamba imo humohumo. Hakikunguruma, hakikuunguza, na kiliingia kwenye begi pamoja na chakula.

"Mzee," Revocatus alisema, macho yakiwa kwenye mashamba ya tumbaku. "Ile habari ya Mpanda imekuwa kweli."

Ambrosi aliijua habari ya Mpanda. Ukumbi mmoja huko ulikuwa unatafuta bendi ya kudumu, kupiga kila mwisho wa wiki, na wanamuziki kupewa vyumba vya kulala. Kwa mtu aliyelala kwenye mabenchi ya stesheni nusu ya maisha yake, neno "vyumba" lilimtekenya mpaka kwenye nyayo.

"Wanataka gitaa moja tu la solo," Revocatus aliendelea. "Rithimu hawataki, wanasema kinanda kinatosha. Sasa nyie mko wawili. Vidole vyako, mzee, mimi navitaka. Wallahi navitaka, na mimi ni Mkatoliki. Lakini hilo sanduku silitaki. Sikonge ulizima taa za harusi nzima. Urambo likakamata redio, bwana harusi anavalishwa pete, Askofu anatangaza hali ya hewa."

"Lilitabiri mvua. Ikanyesha."

"Mzee."

"Nakusikia."

"Tukimaliza harusi hii ya Kaliua nitaamua. Ukikubali kupigia kidude cha Nasri, nafasi yako. Ukikataa, anakwenda Nasri mwenyewe."

Ambrosi alijua kilichomsubiri asipokwenda Mpanda. Dada yake Apolinaria, mjane, alikuwa na nyumba Ipuli, palepale Tabora, na alishamsafishia chumba cha uani. Alishampangia na kazi: kulinda kuku. Wezi wa kuku walikuwa wamezidi Ipuli, na Apolinaria alisema mzee mwenye kikohozi ni bora kuliko mbwa, kwa sababu mbwa hulala. Ambrosi alikuwa amepiga gitaa mbele ya mawaziri wa nchi tatu. Alijiona amekaa kwenye kigoda, anakohoa kwa zamu.

Mtu mwenye akili angesema ndiyo. Yeye alikohoa, kisha akatoa hotuba.

"Sikilizeni. Kile kidude cha mtoto wangu Nasri ni picha ya nyama. Nyama imepigwa picha vizuri, mafuta yanameremeta, lakini hushibi. Askofu ana moto ndani. Mimi nikipiga nausikia mgongoni. Ananiuma, ananijibu. Huwezi kunipa plastiki ukaniambia moto. Siku mtakayonipigisha kwenye kidude nisijue, siku hiyohiyo nishusheni jukwaani, na nisipande tena jukwaa la bendi hii."

Behewa zima lilikuwa linasikiliza, pamoja na mama mmoja aliyekuwa na bata. Nasri alitazama kimfuko chake. Alikuwa na adabu ya nyumbani kwao. Hakujibizana na wazee.

Saidi ndiye aliyenyanyua mkono, taratibu, kama mwanafunzi.

"Mimi nimeshuhudia," alisema.

Hapo ndipo Ambrosi alipaswa kucheka na kuyafuta maneno yake. Kujifunga kiapo mbele ya mtani ni ujinga ambao watoto wa Kinyamwezi hukatazwa kabla hawajaota meno ya pili. Lakini alikuwa ameshapata wasikilizaji, na udhaifu wake mkubwa ulikuwa huo.

"Shuhudia mara mbili," alimwambia.

*

Mwenye harusi Kaliua alikuwa Mzee Kornel, mkulima wa tumbaku, rafiki wa Ambrosi wa tangu ujana, aliyekuwa anamwoza binti yake Josepha. Treni ilipofika, wazee walichukuliwa moja kwa moja nyumbani kwake kula na kusalimiana, na Ambrosi, kwa kuwa mvi zake zilimpa haki hiyo, alichukuliwa nao. Alisita. Hakuwahi kumwachia mtu Askofu.

"Nenda kale," Saidi alimwambia. "Au unafikiri Wazaramo tunakula maamplifaya?"

"Mnakula chochote chenye nazi."

"Hili halina. Nenda."

Akaenda. Alikula ugali na kuku na mchuzi, akasimulia habari za Kalemie, akazisimulia tena walipoingia wageni wengine. Alipofika kwenye ukumbi, ambao ulikuwa ghala la zamani lililopakwa chokaa, sherehe ya mchana ilikuwa karibu kuanza, na hakumwona Askofu. Aliona viti vimevalishwa satini nyeupe, meza zimevalishwa satini nyeupe, na pale nyuma ya nafasi yake ya kusimama, kitu cha mraba kimevalishwa satini nyeupe na juu yake shada la maua ya plastiki.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, baba," alisema Asila, binti wa Kiarabu aliyeletwa kutoka Tabora kupamba. "Shikamoo."

"Marahaba. Binti yangu, hiyo ni amplifaya. Inapumua."

"Inapumua vumbi, baba. Bibi harusi akipigwa picha na dude lile mgongoni watasema ameolewa gereji. Kamati imesema lifunikwe."

Ambrosi alimgeukia Saidi, aliyekuwa amechuchumaa kwenye meza ya mitambo, akichomekachomeka nyaya. "Atapata wapi hewa?"

"Nyuma nimeacha wazi. Waya wako huo hapo, umeshaunganishwa. Usifunuefunue, yule binti ni mkali, ameshamtoa machozi mpiga ngoma."

Waya wa gitaa ulikuwa umeingia chini ya satini. Ambrosi aliuchomeka kwenye gitaa, akageuza kitufe, na kutoka nyuma ya maua ya plastiki akausikia ule mngurumo, mzito, wa chinichini, wenye kigugumizi kidogo katikati, kama mzee anayesafisha koo kabla ya misa. Mabega yake yalishuka. Hakuna kidude kinachoweza kunguruma hivyo, alijiambia. Kidude hakina sababu ya kunguruma.

Akapiga.

Sasa hakuna haja ya kuficha: alipiga vizuri. Labda ilikuwa chumba cha Mpanda kinachomwita, labda ilikuwa kuku wa Ipuli wanaomsukuma, lakini vidole vyake, ambavyo asubuhi vilikuwa vimevimba kwa baridi ya stesheni, vilikimbia kama vya kijana. Kina mama walitoka kwenye viti kabla hawajaalikwa. Mzee Kornel alicheza na fimbo yake. Ambrosi alipovuta nyuzi za juu na kuziacha zilie, alisikia joto linampanda mgongoni, kweli kabisa, kutoka kiunoni mpaka kwenye shingo, na machozi yakamlenga.

Baada ya wimbo wa tatu akashindwa kujizuia, akachukua kipaza sauti.

"Mnasikia hiyo?" aliwauliza. "Hilo ni joto. Hicho ni kitu chenye uhai ndani yake. Vijana wa siku hizi wana vidude, wanabonyeza, wanapata picha ya nyama. Hapa leo mnakula nyama." Akanyoosha mkono wake kwenye satini. "Mpigieni makofi Askofu."

Watu wakapiga makofi. Paroko, aliyekuwa meza ya mbele, alishtuka kidogo, kisha akapiga na yeye. Kwenye meza ya mitambo, alikochomeka gitaa lake la rithimu, Nasri alikuwa ameinamisha kichwa, na Saidi alikuwa anapiga makofi kuliko watu wote.

Walipofika kwenye chakula, bendi ikapumzika. Revocatus alimfuata Ambrosi hadi pale jukwaani, na safari hii hakutazama dirishani.

"Mzee, leo umenishinda. Nimekaa nawe miaka yote hii sijakusikia hivyo. Na sanduku halijazima taa, halijakamata redio, sijui umelifanya nini." Akamshika bega. "Funga mizigo. Mpanda unakwenda wewe, na Askofu wako. Nitazungumza na Nasri."

Ambrosi alimshukuru kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Revocatus alipokwenda kula, yeye alibaki ili kumzima Askofu. Hiyo ilikuwa desturi yake: kila mapumziko alimzima mwenyewe, akaweka kiganja juu ya mgongo wake kupima kama moto haujazidi. Akazunguka nyuma ya maua, akaingiza mkono chini ya satini.

Palikuwa baridi. Mwanzo alidhani amekosea upande. Akasogeza mkono, akashika shingo ya chupa. Akashika nyingine, na nyingine tena, zimepangwa safu, zina umandeumande. Akainua kipande cha satini, akachungulia.

Zilikuwa kreti za soda.

Pembeni ya kreti kulikuwa na spika moja ndogo ya ukumbi, imelazwa kimyakimya. Waya wa gitaa lake ulipita chini ya zulia, taratibu, bila aibu, mpaka kwenye meza ya mitambo, na mwisho wa waya huo, kimewasha kitaa cha kijani, kilikaa kisanduku cha Nasri.

Ambrosi aliirudisha satini, akainyoosha mikunjo, akaweka sawa ua moja lililoinama. Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Alikumbuka machozi. Alikumbuka joto lililompanda mgongoni, akajiuliza lilitoka wapi, na jibu pekee alilopata ni kwamba kulikuwa na joto Kaliua siku hiyo na yeye alikuwa amevaa koti.

*

Aliwakuta Saidi na Nasri nyuma ya ukumbi, wanakula pilau kwenye sinia moja. Nasri aliinuka.

"Kaa ule," Ambrosi alimwambia. "Yuko wapi?"

"Nani?" Saidi aliuliza.

"Saidi."

"Amelala kwenye bani la Mzee Kornel, wanamokaushia tumbaku. Kuna joto humo, atajisikia nyumbani." Saidi aliramba vidole. "Nimemkamata. Mkomboe."

Ambrosi alitaka kukasirika. Alijaribu. Lakini hasira ya Mnyamwezi kwa Mzaramo haina pa kutokea, huzunguka ndani ikarudi tumboni kama gesi.

"Nimkomboe kwa nini?"

"Jogoo mmoja, nitamla Tabora. Tumalize hapahapa. Revocatus hajui. Asila alimfunika Askofu mwenyewe, kreti tuliziingiza alipokwenda kuleta maua. Tunajua watatu tu." Akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania. "Nenda Mpanda, Ambrosi. Umeshachoka kulala kwenye mabenchi. Mimi nitakaa kimya."

Hilo ndilo lililomchoma. Tusi la Saidi angelimeza na kesho angelirudisha na riba. Ukimya wa Saidi hakujua angeuweka wapi. Aliiona miaka ya mbele yake kule Mpanda, kila Saidi akipita na mafurushi yake ya nyaya, akimsalimia kwa upole, bila neno, huku anajua.

"Mzee," Nasri alisema, "kuna jambo jingine. Usinichukie."

"Sema, baba."

"Unakumbuka mwezi wa Ramadhani ulimleta Askofu dukani nikamfunga waya mpya? Nikakuomba nimrekodi kidogo?"

Ambrosi alikumbuka. Nasri alikuwa ameweka kipaza sauti mbele ya spika, akapitisha kwenye Askofu sauti za ajabuajabu, mlio kama wa popo, mlio kama wa maji. Ambrosi alidhani kijana anataka kumbukumbu ya kubaki nayo siku wazee wakiondoka. Akaguswa. Akamwambia rekodi tu mwanangu, rekodi mpaka uchoke.

"Nilikuwa namnakili," Nasri alisema. "Kisanduku kinasikiliza amplifaya jinsi inavyojibu, kinajifunza, kinaitunza. Ile uliyopigia leo ni Askofu mwenyewe, siyo nyingine. Nilitaka kuufuta mngurumo, nikaona bila mngurumo utamkataa. Nikauacha."

"Na kigugumizi?"

"Na kigugumizi."

"Kwa hiyo hukudanganyika sana," Saidi alisema. "Umemtambua mkeo kwenye simu."

Nasri alimeza tonge lililokuwa limekaa shavuni. "Revocatus amenipitia sasa hivi. Ameniambia habari ya Mpanda. Mimi sina neno, mzee. Nina duka." Alisema vizuri, lakini alikuwa amekiweka kijiko chini, na hakukiokota tena.

Ambrosi alisimama pale na koti lake. Alijaribu kupata mahali pa kutokea. Kama sauti ilikuwa ya Askofu, basi alikuwa amesema kweli. Lakini alikuwa amesema kidude hakiwezi, na kimeweza. Alikuwa amesema atajua, na hakujua. Alikuwa amelilia kreti za soda mbele ya paroko. Kila alipogeuza maneno yake upande mwingine yalimtazama vilevile.

Angekuwa mtu mwema angefikiria nafasi ya Nasri kwanza. Aliifikiria, lakini ya pili. Ya kwanza ilikuwa kwamba hadithi hii, mapema au baadaye, itasimuliwa, kwa sababu hakuna Mzaramo aliyewahi kufa na hadithi ya namna hii tumboni. Na kama itasimuliwa, heri aisimulie yeye, aliyekuwepo, kuliko Saidi, ambaye angeongeza chumvi na kumvua na suruali.

"Jogoo hupati," alimwambia Saidi. Akarudi ukumbini.

Watu walikuwa wanasubiri keki. Ambrosi alipanda jukwaani, akagongagonga kipaza sauti.

"Wazee wangu, mama zangu, baba paroko, bwana na bibi harusi. Mchana huu mmenipigia makofi kwa ajili ya Askofu. Naomba niwatambulishe kwake." Akaivuta satini. Maua ya plastiki yakaanguka. Asila, kule nyuma, alishika kichwa. "Hizi ni soda. Nimezisifia tangu tulipoanza. Nilipowaambia msikie joto lake, safu ya juu ilikuwa ya baridi, mnaweza kuja kushika. Sauti mliyoisikia ilitoka kwenye kile kidude cha Nasri, kile nilichokiita picha ya nyama. Mimi nimeila hiyo picha, nimeshiba, na nimelia."

Aliyeanza ni Mzee Kornel, ambaye alicheka mpaka fimbo ikamtoka, na ukumbi wote ukamfuata. Paroko aliinama akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Josepha, bibi harusi, alijaribu kujizuia kwa ajili ya wanja, akashindwa. Mlangoni Saidi alikuwa amesimama na tonge mkononi, na usoni alionekana kama mtu aliyeibiwa.

"Kwenye treni," Ambrosi aliendelea, "nilisema siku nikipigishwa kidude nisijue, nishushwe jukwaani. Hakuna haja ya kunishusha. Ngazi naijua."

Akamkabidhi Nasri gitaa lake, akashuka. Revocatus alimdaka chini ya ngazi, hacheki.

"Mzee, usiwe mtoto. Si umesikia mwenyewe? Basi njoo na kidude. Nafasi bado yako."

"Nilisema nisipande tena."

"Ulisema kwa masihara, kwenye treni, mbele ya bata."

"Nilisema mbele ya Mzaramo."

"Saidi atakusamehe. Saidi, si utamsamehe?"

Saidi alikuwa amesogea. Alimtazama Ambrosi, na Ambrosi akaona kwamba kweli angemsamehe, pale pale, bure kabisa.

"Nisamehe uone," Ambrosi alimwambia.

"Siwezi kumsamehe," Saidi alisema polepole. "Alisema nishuhudie mara mbili."

Revocatus aliwatazama wote wawili, kama mtu anayetazama ng'ombe wawili waliolala relini, akatikisa kichwa, akapanda jukwaani. Nasri alikuwa ameshachomeka waya. Ambrosi alikaa meza ya wazee, kati ya Kornel na paroko, akaletewa soda kutoka kwenye safu ya juu. Nasri alianza, kwa woga, na mngurumo ule wenye kigugumizi ukatoka kwenye spika. Wimbo wa kwanza aliukosea mara mbili. Wa pili akatulia. Ambrosi alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, akitafuta tofauti, na kila alipodhani ameipata, ilikuwa ni vidole.

"Unasikiaje?" Kornel alimuuliza.

"Anakimbilia mwisho," Ambrosi alisema. "Atazoea."

*

Bendi ilikwenda Mpanda mwezi uliofuata. Ilipiga kwenye ukumbi ule karibu miaka miwili, kisha mwenye ukumbi akaugeuza ghala la mpunga. Revocatus sasa anafundisha kwaya katika parokia moja ya huko na ana shamba la korosho.

Nasri alirudi Tabora baba yake alipougua, akachukua duka la vitambaa na kulifunga la simu. Sauti ya Askofu aliiweka mtandaoni, na watu wa nchi ambazo hajawahi kufika wameichukua. Hapigi tena jukwaani.

Asila ana duka lake la mapambo, na hafuniki kitu asichokijua.

Josepha na mumewe wako Kaliua. Mzee Kornel alifariki kwa kiharusi.

Saidi alifia kwao Kisarawe. Ambrosi alisafiri mpaka huko, akaingia kaburini kabla ya maiti na kukataa kutoka, kama mtani anavyopaswa, akatolewa kwa jogoo.

Askofu alirudishwa Tabora kwa treni. Valvu zake mbili zimekufa, na za kubadilisha hazipatikani.

Ambrosi alikaa kwa Apolinaria mpaka mvua za kwanza. Kuku waliibiwa wanne. Baadaye alichukuliwa Ulyankulu na kwaya moja ya huko iliyotaka mwalimu wa gitaa, na mpaka sasa yuko huko, anapigia spika za kanisa, zozote zilizopo siku hiyo. Goti la kulia linamsumbua.